Ratibu ya Haddad na karama zinazosimuliwa mtaani: isomwe vipi, na tuamini nini?

BintiNgamiani aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu na masheikh wetu.

Nina maswali kuhusu Ratibu ya Imamu Haddad, ule mpangilio wa aya na dhikri unaosomwa baada ya Isha. Mtaani yanasemwa mengi: kwamba nyumba zinazosomwa ratibu haziibiwi, kwamba mtoto aliyekuwa akilia kila usiku sasa analala, kwamba mzee fulani amenywa maji ya ratibu na presha imeshuka. Na kila jambo likitokea, watu humtaja mwalimu anayeongoza halaka (kikao cha dhikri): "ni karama yake yule," yaani jambo la ajabu analopewa mcha Mungu.

Naomba kuelekezwa: (1) Mpangilio wake na hesabu zake ni zipi, maana vijitabu vinatofautiana? (2) Je, mtu anaweza kuisoma nyumbani bila ijaza (idhini ya mwalimu)? (3) Haya yanayotokea yanaitwa karama kweli, na ni ya nani? (4) Maji ya ratibu yana taratibu gani? Jazakumullahu kheri.

---

mwanachuo_Amu alijibu:

Wa alaykumu ssalamu warahmatullah, dada yangu.

Nianze na asili yake, kwa sababu ukiijua asili hesabu haikupi tabu. Ratibu imepangwa na Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, nchini Yemen (1634–1720). Alipofuka macho akiwa mtoto mdogo kwa ndui. Aliitunga mwaka 1071 Hijria, sawa na 1661, kwa ombi la mwanafunzi wake mmoja wa upande wa Shibam. Wakati ule majeshi ya Zaydi (tawi la Kishia) kutoka Yemen ya juu yalikuwa yameingia Hadhramaut, na watu wakihofia akida za raia wasiosoma. Basi ilitakiwa dhikri fupi, yenye maneno yaliyopokewa kwa Mtume (s.a.w.), ambayo mkulima na mchungaji ataweza kuihifadhi akiisikia kila usiku. Ndiyo maana ndani yake mna "wal khayru wa sharru bimashiatillah", kheri na shari ni kwa matakwa ya Mungu. Katika hilo Zaydi walikuwa wamefuata kauli ya kundi la Mu'tazila, kwamba shari haitokani na matakwa ya Mungu.

Mpangilio ni huu. Unaanza na Fatiha, Ayatul Kursi, kisha aya mbili za mwisho za Baqara kuanzia "Amanar rasulu", kila moja mara 1. Halafu zinafuata nyiradi (dhikri za kurudiwa), kila moja mara 3: "La ilaha illallahu wahdahu la sharika lah" mpaka "qadir", "Subhanallahi walhamdulillahi…", "Subhanallahi wabihamdihi, subhanallahil adhim", "Rabbana ghfir lana watub alayna", sala ya Mtume, "Audhu bikalimatillahi ttammati min sharri ma khalaq", "Bismillahi lladhi la yadhurru…", "Radhina billahi rabban", "Bismillahi walhamdulillah, wal khayru wa sharru…", "Amanna billahi walyawmil akhir", "Ya rabbana wa'fu anna".

Hapo ndipo wengi wanapoteleza: "Ya dhal jalali wal ikram, amitna ala dinil islam" ni mara 7, si 3. Ukitoka hapo unarudi kwenye 3: "Ya Qawiyyu ya Matin, ikfi sharra dhalimin", "Aslaha llahu umural muslimin", "Ya Aliyyu ya Kabir…", "Ya farijal hammi…". Halafu "Astaghfirullaha rabbal baraya, astaghfirullaha minal khataya" mara 4. Kisha tahlili, "La ilaha illallah", mara 50, na anayetaka kuzidisha huzidisha hapa tu. Mnafunga kwa kumtaja Mtume na Aali zake na Masahaba, Ikhlas mara 3, Falaq 1, Nas 1, na Fatiha za kuwahidia Mtume, masharifu wakubwa wa Ba'alawi (ukoo wa Imamu), Imamu mwenyewe, wazazi na Waislamu wote. Dua ya mwisho ina "Allahumma inna nas'aluka ridhaka wal jannah" mara 3, na inakwisha kwa kuomba husnul khatima, mwisho mwema.

Vijitabu vinatofautiana hasa kwenye hizi Fatiha za mwisho, maana kila mji umeongeza masheikh wake. Hilo halikupunguzii kitu. Ukikuta kijitabu kimebadilisha ile 7 au ile 4, tafuta kingine.

Wakati wake ni baada ya Isha. Katika Ramadhani husomwa kabla ya Isha ili isigongane na tarawehe. Mtu mmoja asiyekimbia anatumia kama dakika 10, halaka dakika 15 hadi 20.

Kuhusu ijaza: aya na nyiradi hizi ni za Waislamu wote, hazina mlango wa kufungwa. Ijaza ni baraka ya kuunganishwa na silsila (mnyororo wa walimu), na faida yake nyingine ni kwamba mwalimu anakusikiliza usomaji wako kabla ya kukupa. Asiyenayo asome. Na mwalimu anayekutoza fedha ili akupe ijaza ya ratibu, achana naye.

---

kiongozi_wa_halaka alijibu:

Namuunga mkono mwanachuo, niongeze upande wa ulimi. Hapa ndipo ratibu inapoharibika, na haiharibiki kwa nia mbaya, inaharibika kwa haraka.

Tahlili kwanza. Halaka ikianza kuchangamka, "La ilaha illallah" hugeuka kuwa "lailailalla". Ile "Laa" ya mwanzo ni ya kukanusha na lazima ivutwe. Ukiifupisha umeondoa kanusho lenyewe. Na ile "h" ya mwisho wa "ilaha" na ya "Allah" isimezwe. Dawa yake ni hii: kiongozi asome 10 za mwanzo polepole peke yake, watu wakisikiliza, kisha wote waingie kwa mwendo uleule. Mkipandisha kasi, pandisheni kidogo baada ya 30, na kiongozi akisikia herufi zinapotea arudishe mwendo kwa sauti yake. Asiwakatishe watu kwa maneno.

Hesabu ya 50 inapotea kwa sababu tasbihi nyingi zina punje 33 au 99. Fungeni uzi wa rangi kwenye punje ya 50, au hesabuni kwa vidole 10, mizunguko 5. Vidole ndivyo vilivyosisitizwa katika hadithi.

Pili, vijitabu vya herufi za Kirumi. Vinaandika "h" moja kwa herufi mbili tofauti za Kiarabu, na mara nyingine "khataya" unaikuta "hataya". "Yadhurru" ina dhadi, "dhalimin" ina dhaa, "dhal jalali" ina dhali. Kijitabu kinaandika zote "dh" na msomaji anazitamka zote kama "dhahabu". "Sarafa llahu" ni kwa swadi, isitamkwe kwa sini nyepesi. Mwenye kijitabu cha namna hiyo akae karibu na msomaji mzuri wiki 2 au 3 amsikilize, huku akijifunza herufi. Asiache kusoma kwa sababu ya upungufu huo, ila asiridhike nao.

Tatu, vipaza sauti. Ratibu ya watu 15 haihitaji spika ya nje. Nyumba ya jirani mna mgonjwa, mna mtoto, mna asiye Muislamu anayeamka saa 10 alfajiri kwenda kazini. Dhikri iliyoombwa ili ilinde watu wa mji isiwe adha kwao.

Na jambo la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: wako watu wanaoiwahi ratibu na Isha imewapita. Ratibu ni sunna ya kujitolea juu ya faradhi. Hakuna karama inayopatikana kwa kuruka swala.

---

Muwahidi alijibu:

Assalamu alaykum. Naheshimu waliotangulia, lakini hapa pana jambo halijasemwa. Maneno ya ratibu mengi yamepokewa, sawa. Ila kuyapanga kwa idadi maalumu, kila usiku, kwa pamoja na kwa sauti moja, hilo Mtume hakulifanya. Abdallah bin Mas'ud, kama alivyopokea Darimi, aliwakuta watu msikitini Kufa wakihesabu tasbihi kwa kokoto wakiongozwa na mtu mmoja, akawakemea vikali. Na pwani yetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar, alitumia umri wake mwingi kuwatanabahisha watu kuhusu mambo yaliyozushwa.

Lakini linaloniumiza zaidi ni swali la tatu la dada. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, watu walisema limepatwa kwa kifo chake. Mtume mwenyewe, akiwa na msiba, alisimama akasema jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote. Hakuacha watu wamtukuze kwa jambo ambalo si lake. Basi mwalimu anaposikia "fulani hakuibiwa kwa karama yako" akanyamaza, amefuata mwenendo wa nani?

---

mwanachuo_Amu alijibu:

Ndugu yangu Muwahidi, Allah akujaze kheri. Juu ya kukusanyika, sisi hutegemea hadithi ya Muslim: watu hawaketi wakimtaja Mwenyezi Mungu ila malaika huwazunguka, na rehema ikawafunika, na utulivu ukawashukia. Wanachuoni wa Kishafii wa pwani na Hadhramaut wameichukua kwa upana wake, ninyi mmeichukua kwa mpaka. Kwa anayeona uzito wa halaka, azisome nyiradi hizi peke yake asubuhi na jioni, maana nyingi zimekuja hivyohivyo. Tusigombane juu ya kumtaja Mungu.

Ila juu ya kisa cha kupatwa kwa jua, nakubaliana nawe kila herufi, na ndilo jibu la swali la dada. Tulipanue.

Vitabu vya akida vimegawa mambo yanayovunja ada, yaani yanayokwenda kinyume na mazoea. Muujiza ni wa Nabii, pamoja na kudai utume. Irhasi ni yale yanayomtokea Nabii kabla ya kupewa utume. Karama ni ya walii, mtu mwenye istiqama (msimamo katika dini) inayojulikana: Maryamu alikuwa akikutwa na riziki mihirabuni (Aal Imran 37), na Watu wa Pangoni walilala miaka. Maauna ni msaada unaomfikia Muislamu wa kawaida, asiye na cheo chochote, akaokolewa na dhiki kwa njia asiyoitazamia. Istidraji ni ya mtu muovu: anapewa anachotaka ili azidi kupotea. Na ihana ni ya kumfedhehesha mwongo, kama inavyosimuliwa Musaylima, aliyejidai nabii, alitemea kisima ili maji yazidi, yakawa chumvi.

Sasa tazama yanayosemwa mtaani kwenu. Mlango haukuvunjwa, mtoto amelala, ada ya shule imepatikana siku ya mwisho. Hayo ukiyapima, kama yamevunja ada kweli, makazi yake ni maauna. Yamemfikia mama mwenye mtoto kwa dua yake mwenyewe. Kuyachukua na kumvika mwalimu ni kumdhulumu yule mama, na ni kumtia mwalimu kwenye mtihani. Masheikh waliokuwa na karama walizificha. Imamu Shafii alipoambiwa kauli ya mwanachuoni Layth, kwamba ukimwona mtu anatembea juu ya maji usidanganyike mpaka umpime kwa Qur'ani na Sunna, alisema Layth amepunguza: hata ukimwona anaruka angani.

Tena fuata kila ahadi hadi kwenye chanzo chake, utaona kwamba haikuanza na mwalimu wa mtaa wala na Imamu Haddad. Ayatul Kursi kulinda usiku ni hadithi ya Abu Hurayra katika Bukhari, alipokuwa akilinda zaka ya Ramadhani na mwizi akamjia usiku 3. "Audhu bikalimatillahi" ni katika Muslim: mtu alilalamika nge amemuuma, Mtume akamwambia lau ungelisema jioni asingekudhuru. Aya mbili za mwisho za Baqara "zinamtosha" azisomaye usiku. Imamu alivikusanya hivi vikombe kwenye sinia moja. Imepokewa kwake kwamba ratibu hii hulinda mji unaposomwa, na ukiichambua utaona ulinzi uko ndani ya yale maneno.

Na kwa anayeuliza "mbona fulani anasoma na ameibiwa?", jibu limo kwenye uradi wenyewe. "Bismillahi lladhi la yadhurru" imepokewa na Aban bin Uthman kutoka kwa baba yake: atakayeisema mara 3 asubuhi na jioni halitamdhuru kitu. Aban huyohuyo alipooza upande mmoja. Mtu aliyemsikia akisimulia hadithi akawa anamkodolea macho. Aban akamwambia: hadithi ni kama nilivyokuhadithia, lakini siku ile sikuisema, ili Mwenyezi Mungu apitishe alilolikadiria. Tazama adabu hiyo. Hakuikana hadithi, wala hakudai kwamba dhikri inamfunga Mungu mikono.

Halafu mtu afunge mlango wake. Aliyesema "mfunge ngamia kisha utegemee" ni Mtume huyohuyo aliyetufundisha nyiradi. Komeo, taa ya barazani na ratibu havigombani.

---

mfamasia_pwani alijibu:

Assalamu alaykum. Najibu swali la 4, maana hapa makosa yanaweza kuua.

Maji ya ratibu ni maji yaliyowekwa katikati ya halaka wakati wa kusoma, kisha watu wakanywa kwa kutabaruku (kutafuta baraka). Yawe yamechemshwa au yametibiwa, ndani ya jagi lenye kifuniko. Yawekwe yakiwa yamefunikwa, yafunuliwe mwisho, kila mtu amiminiwe kikombe chake. Kikombe kimoja kisizunguke watu 20, na watu wasipulizie humo: kupuliza ndani ya chombo cha kinywaji kumekatazwa katika hadithi, na maradhi yanayoambukiza kwa mate tunayajua sote. Mkitaka kumpulizia mgonjwa, someni viganjani mwake na ajipanguse mwenyewe.

Mtoto chini ya miezi 6 asipewe maji yoyote, hata kijiko, awe ananyonya tu. Msomeeni, muwekeeni mkono kichwani. Huyo mtoto aliyekuwa akilia na sasa analala, sauti ya wazazi inayorudia maneno yaleyale kwa mwendo mmoja kila usiku saa ileile inatosha kumtuliza. Kujua sababu hiyo hakuondoi shukrani. Lakini mtoto anayelia huku ana homa, anakataa kunyonya, au utosi umebonyea, apelekwe kituo cha afya usiku uleule, ratibu isomwe njiani.

Presha ndiyo inayonitia hofu. Mtu akikaa kimya dakika 20, pumzi zimetulia, kipimo kinaweza kushuka kidogo kwa muda. Anapima, anaona namba nzuri, anaacha vidonge. Vidonge havikumaliza ugonjwa, vinaushikilia. Ukiviacha namba hupanda tena, mara nyingi bila dalili, mpaka siku ya kiharusi. Vivyo hivyo insulini, dawa za kifafa na ARV. Mtume amesema tumieni dawa. Mwalimu yeyote anayemwambia mgonjwa "maji haya yanatosha, acha vidonge", msimfuate katika hilo.

Na kombe (aya zinazoandikwa, zikaoshwa kwa maji na kunywewa), kwa kuwa najua litaulizwa: kombe si sehemu ya ratibu. Linaloandikwa huandikwa kwa zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya waridi yanayoliwa, juu ya sahani nyeupe safi, likaoshwa kwa maji kidogo. Siku hizi wengine wanatumia rangi za unga na wino wa kalamu kwa sababu zafarani ni ghali. Wino si wa kunywa. Kama zafarani haipo, soma, usiandike. Mwenye kisukari asitiliwe asali, na mgonjwa wa figo aliyepimiwa maji asiongezewe glasi nje ya kipimo chake.

---

BintiNgamiani aliandika:

Allah awalipe nyote. Mawili yamebaki: mwanamke aliye katika hedhi afanyeje, na usiku ukipita bila kusoma kuna kulipa? Pia kuna wanaotaka halaka isome ratibu kumpatiliza mwizi wa kuku, je inafaa?

---

mwanachuo_Amu alijibu:

Hedhi: kwa madhehebu ya Shafii nyiradi, istighfari, sala ya Mtume na tahlili anasoma bila shaka yoyote. Zile aya, yaani Fatiha, Ayatul Kursi, mwisho wa Baqara na sura 3 za mwisho, asizisome kwa nia ya tilawa (kisomo) ya Qur'ani, bali kwa nia ya dhikri na kinga, na hapo inajuzu. Msahafu asiushike. Basi ratibu yake haikatiki.

Kupitwa: imepokewa na Muslim kutoka kwa Umar kwamba aliyelala akapitwa na hizbu yake ya usiku (kisomo alichojipangia), akaisoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeisoma usiku. Kwa hiyo isome asubuhi. Ukiwa safarini au umechoka sana, soma mpaka "la yadhurru", kisha tahlili 10, ulale. Kidogo cha kila siku kinashinda kirefu cha mara moja kwa mwezi, na anayeanza naomba aanze hivyo siku 40 za mwanzo, asijibebeshe nyiradi 5 kwa pamoja.

Mwizi wa kuku: hapana. Nadhani hao wanachanganya na Halbadiri, ambayo watu wa pwani huisoma kwa mambo ya wizi na viapo, na hata yenyewe watu wameitumia kwa kuwatisha majirani. Ndani ya ratibu hamna laana hata moja. Mna "ikfi sharra dhalimin", utukinge na shari ya wenye kudhulumu, na baada yake moja kwa moja "Aslaha llahu umural muslimin", Mungu atengeneze mambo ya Waislamu. Yule mwizi naye ni katika wanaoombewa hapo. Kuku ripotini kwa mjumbe wa mtaa.

---

kiongozi_wa_halaka aliandika:

Kwa walioomba kijitabu: chukueni chenye maandishi ya Kiarabu yenye irabu kamili na tafsiri ya Kiswahili chini. Kabla ya kununua fungueni sehemu mbili tu, "Ya dhal jalali" pawe na 7 na "Astaghfirullaha rabbal baraya" pawe na 4. Kisha tazameni "la yadhurru" kama shada juu ya ra imechapwa, maana chapa nyingi za bei rahisi imedondoka.